Kupanda mvule palipokuwa na misindano: anza na kuvu za mizizi

Misindano, au mipaina, haiji peke yake. Ncha za mizizi yake huvikwa kuvu kama soksi, na mbegu za kuvu hizo hubaki ardhini hata shina likishakatwa. Mvule, mkuyu na miti mingine mingi ya asili ya mwambao wa Ziwa Victoria hutumia kuvu za aina nyingine, zinazopenya hadi ndani ya seli za mzizi na kuuletea fosforasi. Kuvu za msindano haziusaidii mvule. Zile za mvule nazo hupungua, maana chini ya zulia la sindano kavu mimea ya kuzilisha ni michache.

Fukua sentimita 10, toa mizizi myembamba, isuuze taratibu kwenye karai bila kuikwangua, kisha itazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ncha fupi, nene, zilizogawanyika kama herufi Y ni za msindano. Kuvu za mvule hazionekani kwa lenzi, kwa hiyo mzizi unaoonekana mtupu usikudanganye.

Hapo muulize mtama, ambao nao hutumia kuvu za aina ya mvule. Andaa makopo 15 ya lita moja. Matano yajaze udongo wa kwenye misindano mtupu. Matano mengine, sehemu 9 za udongo huo kwa sehemu 1 ya udongo wa chini ya mvule wenye afya. Matano ya mwisho, mchanganyiko uleule, ila hiyo sehemu 1 ipigwe mvuke saa nzima kwanza, ipoe. Wengi huliruka kundi hili la tatu, kisha wanasifu kuvu kumbe mtama ulinenepa kwa rutuba tu. Panda mtama kwenye makopo yote, kisha pima ukuaji wake baada ya wiki 6 hadi 8. Kundi la pili likiyashinda yale mengine mawili, kilichokosekana ni kuvu. Makundi yote yakilingana kwa udhaifu, tafuta tatizo kwenye rutuba au uchachu wa udongo.

Mbegu za mvule ni ndogo mno: zioteshe kwenye tuta, halafu hamishia miche kwenye viriba. Wakati huo tia kijiko cha mezani cha udongo wa mvule ndani ya tundu, mizizi iuguse. Udongo huo usianikwe juani, na utumike ndani ya siku mbili. Mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi, isizidi: mche ulioshiba fosforasi huacha kuzilisha kuvu. Ukitaka udongo wa msitu wa hifadhi, omba kibali kwanza.

Shambani, mvua za Novemba zikishika, kwangua sindano kavu kwa upana wa mita moja kuzunguka shimo. Usichome moto: joto huua kuvu za juu, na ardhi iliyo wazi ndiyo mbegu za msindano zinaipenda. Vichaka vya asili viache, mizizi yake ndiyo ghala la kuvu. Misindano michanga ing'oe ingali ya kung'oka kwa mkono. Kisiki kikubwa cha msindano kwa kawaida hakichipui kama cha mkaratusi, kwa hiyo usijichoshe kukichimbua.