Jinsi ya kufunga moduli ya 400G DR4

Wakuu, moduli nyingi za DR4 (kale kakifaa ka kuchomeka kwenye suichi, kanakotuma data gigabiti 400 kwa sekunde kwa mwanga kupitia faiba) siku hizi ndani zina chipu ya silikoni fotoniki, yani data inapandishwa kwenye mwanga humo humo kwenye silikoni, ila leza inakua ya indiamu fosfaidi maana silikoni haitoi mwanga wa maana. Kwanza angalia faiba, lazima iwe singo modi, ile ya ganda la njano, isizidi mita 500, konekta MPO-12 (ile ya nyuzi 12 pamoja) yenye kichwa cha mshazari (mara nyingi ya kijani), ukilazimisha ile bapa mwanga unarudi nyuma na linki inasumbua. Alafu safisha jamani, kila unapochomeka, hata kama kebo ni mpya imetoka kwenye mfuko sasa hivi, hapa ndo wengi wanapotea wanalaumu suichi wakati ni vumbi tu. Usichungulie kabisa kwenye faiba wala moduli, mwanga wa nanomita 1310 hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Washa FEC (ile ya kusahihisha makosa ya data njiani) pande zote mbili. Soma nguvu ya mwanga kwenye leni zote nne (yani njia nne za mwanga, kila moja 100G), moja ikiwa chini sana kuliko wenzake rudi ukasafishe. Na ukitaka kuigawa, inatoa linki nne za 100G DR, moja kwa kila leni.