Injini ya boti iliyotoka baharini kuja Matema

Ukinunua injini ya boti iliyotumika Dar au Tanga uilete Matema, Ziwa Nyasa, usitegemee maji baridi ya ziwa yaitoe chumvi yenyewe. Chumvi iliyokauka huganda kwenye njia za maji ndani ya injini, na mashine ikichemka ndipo utajua.

Vua propela kwanza, kisha tumbukiza mguu wa injini kwenye pipa la maji safi, yapite juu ya matundu ya kuvutia maji. Washa, gia ikiwa huru, silensa tu (bila kuongeza mafuta), dakika 10 hadi 15. Ni lazima ipate moto hadi themostati (vali inayofunguka kwa joto) ifunguke. Kabla ya hapo maji hayazunguki kote. Tundu la pembeni linalorusha maji ya kupoza likitoa maji kwa matone tu, zima hapohapo: limeziba, au impela (pangaboi la mpira) ya pampu ya maji imekwisha.

Jambo linalosahaulika sana ni anodi, vipande vya metali vinavyofungwa kwenye injini viliwe na kutu badala yake. Za zinki ni za baharini; kwenye maji baridi hujifunika ukoko zikaacha kufanya kazi, na kutu ikahamia kwenye mguu wenyewe. Funga za magnesi, au za alumini kama boti itarudi pwani. Usizipake rangi kamwe.

Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, sili (mpira wa kuzuia maji) inapitisha maji.