Magadi ya jiwe kwenye maharage na kisamvu

Kama unalainisha makande au kisamvu kwa magadi ya jiwe, yale ya sokoni ya rangi ya kijivu, jua kwamba mbali na sodiamu mara nyingi yana floraidi, hasa yakitoka Bonde la Ufa, kwenye maziwa kama Natron na Magadi. Floraidi ikizidi kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga, yataota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi ng'o. Na usidanganyike na kuchuja: chujio linabakiza mchanga, floraidi imeshayeyuka humo humo kwenye maji.

Mimi naloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji. Maharage yakiwa ya zamani, magumu kweli kweli, naongeza magadi soda ya pakiti, ile ya dukani, nusu kijiko cha chai kwa kilo. Ukizidisha yananuka sabuni, na vitamini B1 inapotea.

Mwenye presha aache kabisa magadi yote mawili, maana sodiamu imo hata kama ulimi hausikii chumvi.