Somo: Gari la zamani likizima ghafla na kukataa kuwaka, lipime kabla halijapoa

Oktoba iliyopita Corolla 100 yangu ilinizimikia nje kidogo ya Chamwino, saa nane mchana, na jua la Dodoma mnalijua. Haikukohoa wala kutikisika. Mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini, ulianguka hadi sifuri huku gari bado linaserereka likiwa kwenye gia. Stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Fundi alifika baada ya saa nzima, akapiga ufunguo mara moja, gari likawaka. Akasema pampu ya mafuta imechoka. Nikanunua pampu. Siku ya nne likazima tena, Ihumwa, saa zilezile. Kumbe ni koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, iliyo ndani ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi: koili ikipata joto inakata, ikipoa inarudi. Ile pampu niliyoitupa ilikuwa nzima.

Ndiyo maana naandika. Gari linalozima kwa sababu ya joto hupona lenyewe pembeni ya barabara, na fundi anakuta mgonjwa ameshaamka. Mwenye nafasi ya kuujua ugonjwa ni wewe uliyepo pale, katika dakika ishirini za kwanza. Beba plagi moja ya akiba, kipande cha waya, testa ya taa, bisbisi na fyuzi mbili tatu. Nazungumzia Toyota za petroli zenye distributa.

Kwanza usalama. Injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na mikanyago miwili mitatu ya maana, kisha kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Usikanyage na kuachia. Kanyaga mara moja, shikilia, toka nje ya lami. Barabara ya Morogoro malori hayana subira. Weka pembetatu mbali nyuma. Ukiongeza matawi ya miti, tafadhali yaondoe ukiondoka. Mshale wa joto ukiwa juu, acha kila kitu: usipige stata, usifungue rejeta.

Sasa kumbuka lilivyozima. Ghafla, kama umeme wa nyumbani unavyokatika? Anza upande wa moto, yaani cheche. Lilikohoa, likavuta na kuachia, likakosa nguvu mlimani? Anza na mafuta. Hii haikupi jibu, inakupa pa kuanzia.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake kwenye dashibodi. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, kontroli boksi (kompyuta ya injini) haipati umeme: angalia fyuzi iliyoandikwa EFI, kisha rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme). Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, alamu iliyofungwa mtaani. Fundi wa alamu hukata waya wa swichi au wa pampu, akaingiza rilei yake, akasokota na kuzungushia tepu. Miaka inapita, vumbi linaingia, barabara mbovu zinatikisa, siku moja waya unaachia. Pitisha mkono chini ya dashibodi utikise mafungu ya waya swichi ikiwa imewashwa. Taa zikichezacheza, umeshafika.

Piga stata, usikilize. Injini nzima huzunguka kwa mapigo, kwa sababu kila silinda inabana hewa kwa zamu yake. Ikizunguka kwa wepesi mmoja kama cherehani, mkanda wa taimingi huenda umekatika. Fungua kofia ya distributa, mwenzio apige stata, wewe tazama rota, kile kidude kinachozunguka ndani yake. Isipozunguka, tafuta gari la kukuvuta. Kwa injini za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE mkanda ukikatika vali hazipindi, unafunga mpya unaendelea na safari. Injini nyingine usizihukumu hivyo. Stata ikilia tik tu na taa zikafifia, gari lilikuwa linatembea kwa betri peke yake hadi ikaisha, kaangalie altaneta.

Kupima moto: chomoa waya wa plagi moja, uchomeke plagi ya akiba, ulaze mwili wake kwenye chuma kitupu cha injini. Usiishike kwa mkono, na usifanye hivi pakiwa pananuka petroli. Stata sekunde tano. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa nyekundu na dhaifu, au haipo, washukiwa ni koili, ignaita (inayoiwasha na kuizima koili), kofia, rota, au sensa ya ndani ya distributa. Usibadilishe kitu bado. Subiri dakika ishirini, pima tena vilevile. Cheche ikirudi yenyewe, ugonjwa ni wa joto, na sasa unao ushahidi wa kumpa fundi.

Kwenye kiboksi cha vipimo chini ya boneti unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, washa swichi, uhesabu taa ya injini inavyopepesa: mara moja, kituo, kisha mara mbili ni 12. 12 au 13 ni kwamba ishara ya mzunguko kutoka kwenye distributa haifiki kontroli boksi. 14 ni kwamba jibu la ignaita halifiki kontroli boksi. Andika namba kabla hujachomoa betri, maana ukiichomoa zinafutika.

Cheche ikiwepo, geukia mafuta. Geji za magari haya hudanganya, usiziamini. Wengi huwasha swichi, wakakosa mlio wa pampu, wakasema imekufa. Kwenye Toyota nyingi za rika hili pampu inangoja injini izunguke ndipo ifanye kazi. Kwenye kiboksi kilekile unganisha FP na B+, washa swichi, tega sikio mdomo wa tangi. Ikiwa kimya, pima umeme kwenye soketi ya pampu, chini ya siti ya nyuma, kabla hujanunua nyingine. Umeme ukiwepo na pampu haizunguki, hapo kweli imekufa. Kipimo hicho kingeniokolea hela yangu.

Na petroli ya kumimina kwenye mdomo wa hewa, msikubali. Injini ikirudisha moto inamuunguza aliyeinama pale.

Maswali ya wanachama

Mama wa Kibaigwa: Shikamoo mwalimu. Langu linazima nikisimama tu, kwenye taa au mzunguko. Nikipiga ufunguo linawaka hapohapo. Ni koili?

Jibu: Wa Kibaigwa, marahaba. Hapana, huo ni ugonjwa mwingine. Koili ya joto hukuzimia hata ukiwa mwendoni, na haikurudishii hapohapo. Mwambie fundi asafishe mdomo wa hewa na vali ya sailensa (inayopitisha hewa usipokanyaga mafuta), mara nyingi vimejaa masizi.

Kijana wa Manyoni: Kaka, mimi nina Ist, sioni distributa.

Jibu: Haina, kila plagi ina koili yake juu. Koili moja ikifa gari linatetemeka lakini linatembea. Likizima kabisa likiwa la moto, likawaka likipoa, soma kwa mashine ya kupimia. Ukipata namba P0335 anza na sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), waya na soketi yake kabla ya sensa yenyewe. Na Ist inatumia cheni, hadithi ya mkanda haikuhusu.

Dereva wa Hiace, Singida: Bosi, yangu ni dizeli, 3L. Imezima Sekenke na hii habari ya cheche hainisaidii.

Jibu: Kweli kaka, ya kwako haina plagi za cheche. Washa na uzime swichi, sikiliza pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini: lazima solenoidi ya kukata mafuta (vali yake ya umeme) ilie tik. Isipolia, pima umeme kwenye waya wake. Ikilia, pampu kwa mkono kidude kilicho juu ya filta. Kikiwa laini hakikazi, kuna hewa inaingia. Fuatilia mipira kuanzia tangi, na anza na ile mliyoigusa mara ya mwisho mlipobadilisha filta.

Dereva wa Hiace: Filta tulibadilisha juzi.

Jibu: Basi kaza klampu za pale kwanza, kisha toa hewa, ndipo uniambie.