Kabla ya kuzamia na mtungi Ghuba ya Mnazi: mazoezi ya dharura ambayo mkono lazima uyazoee

Kijana aliyekulia Msangamkuu, Mikindani au Msimbati, kwenye pwani ya Mtwara, huwa haogopi maji. Ameanza kufuata pweza kwenye miamba akiwa mdogo, anajua bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo), na akizama bila kifaa chochote anarudi juu na kitu mkononi. Anapoanza kujifunza kuzamia kwa mtungi, uzoefu huo unamsaidia kwa mengi, lakini kuna jambo moja unamponza: mwili wake umeshazoea kubana pumzi. Akishtuka chini ya maji, kitu cha kwanza atakachofanya bila kufikiri ni kufunga koo na kukimbilia juu. Kwa mzamiaji wa pweza hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu hewa aliyonayo kifuani aliivuta juu ya maji. Kwa mwenye mtungi ni hatari ya kufa.

Sababu ni shinikizo. Ukiwa mita 10 chini, hewa unayovuta kutoka kwenye mtungi imeshinikizwa mara mbili ya ile ya juu. Ukijaza mapafu hapo, ukafunga koo na kupanda, hewa ile inataka nafasi mara mbili ukifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Yanapasuka, na vipovu vinaweza kuingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Wala usidhani ni jambo la vina virefu tu: mita moja na nusu inatosha kumdhuru aliyebana pumzi akiwa amejaza kifua. Kwa hiyo zoezi la kwanza kabisa, kabla ya jingine lolote, ni la kufuta mazoea ya zamani. Kila mara kinywa cha regyuleta (kifaa kinacholeta hewa ya mtungi mdomoni) kinapotoka mdomoni, iwe kwa bahati mbaya au kwa mazoezi, midomo itoe vipovu vidogo mfululizo, kama mtu anayesema “aaa” kwa sauti ya chini. Fanya hivyo ukiwa umesimama kwenye maji ya kifuani, rudia ukiwa umepiga magoti, rudia ukiwa unaelea. Mwalimu akiona vipovu vimekatika hata mara moja, zoezi linaanza upya. Hapa ukali unafaa.

Kabla mkono haujaanza kujifunza, panga vifaa vyako na usivibadilishe tena. Mkono unakariri mahali. Kinywa cha akiba, kile chenye mpira (bomba la hewa) wa njano, kikae kifuani kati ya kidevu na mbavu za chini, upande wa kulia, kwenye kibanio kinachoachia kwa kuvutwa. Kikining’inia huru kitaburutwa mchangani, na siku kinapohitajika kitakuwa kimejaa mchanga au kimenasa nyuma ya mtungi. Kifungo cha mkanda wa uzito kifunguke kwa mkono wa kulia kwa mvuto mmoja, na ncha ya mkanda isichomekwe chini ya kamba za jaketi (lile linalojazwa hewa ili mzamiaji aelee). Anayeazima vifaa kila wiki, leo jaketi lenye mifuko ya uzito ndani, kesho mkanda wa kiunoni, hana budi kurudia zoezi la kuachia uzito kila anapobadilisha. Wazamiaji wengi waliokufa sehemu mbalimbali duniani wamekutwa bado wamefunga uzito wao. Kuujua mkanda hakutoshi ikiwa mkono haujawahi kuuachia.

Warukaji wa parachuti wana desturi nzuri ya kuigwa: kabla ya kuruka hugusa mipini yao ya dharura mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio ule ule, huku wakitazama. Mzamiaji naye anaweza kufanya hivyo wakati boti inatoka Msimbati. Mkono wa kulia kwenye kinywa cha akiba, kisha kwenye kifungo cha uzito, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha kujaza jaketi, kisha kwenye kamba ya vali ya kutoa hewa, kisha geji inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili ukiwa umefumba. Halafu geuka uguse vifaa vya mwenzako, maana siku ukiishiwa hewa utakachokitafuta ni kinywa chake, si chako. Zoezi lote halifiki dakika moja.

Sasa hesabu ya hewa, kwa sababu bila hesabu zoezi la kuchangia hewa huwa kama mchezo. Mtungi wa kawaida wa alumini una ujazo wa lita 11 hivi. Ukijazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) unabeba takriban lita 2,200 za hewa. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Mita 20 chini anatumia mara tatu, yaani lita 60. Akibaki na bar 50 ana lita 550, dakika tisa za utulivu. Lakini mtu aliyeogopa anavuta mara mbili au mara tatu ya kawaida, na wakiwa wawili walioogopa kwenye mtungi mmoja, dakika tisa zinakuwa mbili. Kupanda kutoka mita 20 kwa mwendo salama wa mita 9 kwa dakika kunachukua dakika mbili na ushee. Hewa hudumu zaidi kadiri mnavyopanda, lakini nafasi ya kubishana chini haipo. Ndiyo maana kupanda kuanze ndani ya nusu dakika tangu ishara itolewe, na zoezi ambalo wawili wanakaa chini wakipongezana kwa vidole halikamiliki. Zoezi kamili linaishia juu, jaketi zote mbili zikiwa zimejazwa.

Mpangilio wenyewe ni huu. Anayeishiwa anapitisha kiganja mbele ya koo mara kadhaa, anamfuata mwenzake, haendi juu peke yake. Mwenye hewa anainua kinywa cha akiba na kukisogeza mbele ya mdomo wa mwenzake, kitufe cha kusukuma hewa kikiwa wazi ili akibonyeze. Anayepokea anapuliza kwanza au anabonyeza kitufe, ili maji yatoke, kisha anavuta taratibu. Wanashikana mikono ya kulia, kila mmoja amkamate mwenzake kwenye kiwiko au mkanda wa jaketi. Wanapumua mara mbili tatu wakitazamana. Ndipo wanapanda, mikono ya kushoto kwenye vali za kutoa hewa, maana hewa iliyomo kwenye jaketi nayo inatanuka na itawarusha juu kama haitolewi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Watu hukumbuka kinywa na kusahau jaketi.

Kosa la kawaida la ufundishaji ni kufanya haya yote watu wakiwa wamepiga magoti mchangani. Hakuna atakayeishiwa hewa akiwa amepiga magoti. Atakuwa anaelea kando ya mwamba, mkondo ukimsukuma, mwenzake yuko mita tano mbele na hatazami nyuma. Kwa hiyo baada ya kulijua zoezi kwa magoti, lifanyeni mkiwa mnaelea, kisha mkiwa mnaogelea, kisha anayeishiwa aanze akiwa mita tano au sita nyuma. Umbali huo utawafundisha jambo kuhusu kukaa karibu ambalo maneno hayafundishi. Ila kuna mpaka: mtu asifungiwe vali ya mtungi kwa kushtukizwa ati apimwe. Hilo limeshaua wanafunzi. Mshtuko wa ishara unatosha.

Regyuleta ikichomoka mdomoni, tuseme kwa kupigwa na pezi la mguuni la aliye mbele, mkono unaitafuta kwa njia mbili. Ya kwanza: inama upande wa kulia, teremsha mkono wa kulia hadi uguse paja, upeleke nyuma ukigusa mtungi, kisha uzungushe mbele ukiwa umenyooka. Mpira utakuwa juu ya mkono. Usipoupata, tumia ya pili: pitisha mkono juu ya bega la kulia, shika mpira pale unapotokea kwenye vali, ufuate hadi mwisho. Wengi hufanya ile ya kwanza nusu nusu, hawagusi paja, na mkono unapita juu ya mpira bila kuushika. Muda wote huu, vipovu.

Miwani iliyojaa maji ina dharura yake ndogo ambayo huzaa kubwa. Maji ya chumvi yakigusa pua, mtu huvuta kwa pua, anapaliwa, anatema kinywa. Dawa yake ni ya bei nafuu: kaa kwenye maji ya kiunoni, uso ndani, bila miwani kabisa, ukipumua kwa kinywa dakika nzima. Ukishaweza dakika moja bila kuminya pua, kutoa maji ndani ya miwani kunakuwa kazi ndogo tu.

Jaketi linaweza kujijaza lenyewe. Huko Kusini tatizo hili huletwa na chumvi iliyokauka na mchanga kwenye kitufe cha kujaza, hasa vifaa visipooshwa kwa maji baridi ya kunywa kila siku. Mkono wa kushoto unafungua vali na kuacha hewa itoke, wa kulia unachomoa mpira mwembamba unaoleta hewa. Zoezi hili lifanywe na vidole vilivyolowa na vilivyochoka, kwa sababu kola ya mpira huo huteleza. Fanya nchi kavu mara kumi, mtungi ukiwa umefunguliwa. Ukichomoa ukiwa umefungwa huna shinikizo, na utajidanganya kwamba ni rahisi.

Regyuleta ikianza kumwaga hewa bila kukoma, usiitoe. Ilegeze midomoni, vuta unachohitaji, hewa nyingine ipite pembeni, na panda huku unatazama geji, kwa kuwa mtungi mzima unaweza kuisha kwa dakika chache.

Mwenzako yuko mbali na hewa imekata? Kutoka kina kifupi, mita 9 au pungufu, unapanda mwenyewe ukiogelea: kinywa kinabaki mdomoni, uso unatazama juu, “aaa” haikatiki. Kinywa hakitolewi kwa sababu shinikizo la maji linavyopungua, mtungi unaoonekana mtupu unaweza kukupa pumzi moja zaidi. Zoezi lake lianze kwa ulalo, kuogelea mita 9 kando kando ya ufukwe ukitoa sauti kwa pumzi moja. La wima lifanywe tu pamoja na mwalimu, akiwa ameshika kamba. Ukifika juu, jaza jaketi kwa mdomo, na achia uzito. Zoezi la kujaza kwa mdomo ukiwa umechoka mawimbini halipendwi na mtu, na ndilo linalohitajika.

Mahali pa kufanyia mazoezi pana uzito wake. Ghuba ya Mikindani imejikinga na inafaa kwa hatua za kwanza. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, maji huingia na kutoka kwa nguvu, na siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 3 na zaidi. Panga mazoezi siku za maji mafu, karibu na maji yanaposimama. Miezi ya mvua Ruvuma unashusha tope, na mwenzako aliye mita nne anaweza kutoweka. Kusi (upepo wa kusini) likivuma, mawimbi ndiyo yatakayosumbua kwenye kupanda botini. Mkipotezana, tafuta kwa kugeuka pande zote dakika moja, kisha panda. Boya la ishara (puto lenye uzi linaloonyesha boti mlipo) lirushwe kila mzamo, hata lisipohitajika, kwa sababu uzi wake hujifunga mikononi mwa asiyezoea. Na ukisikia mlipuko wa baruti chini ya maji, hata wa mbali, mzamo umekwisha.

Nahodha naye ana mazoezi yake. Azime mashine karibu na vipovu, ahesabu watu kwa majina, na ajue kumwinua aliyezimia. Ukingo wa mashua ya mbao uko juu. Mtu mwenye mtungi mgongoni hainuliki. Vifaa vyote vivuliwe majini, kisha watu wawili wamvute kwa kamba au wavu uliofungwa ubavuni. Jaribuni na mtu mzito kuliko wote, si mwepesi.

Aliyepanda haraka kisha akalalamika ganzi, maumivu ya viungo au udhaifu alazwe chali apewe oksijeni tupu, lita 15 kwa dakika. Kamwe asirudishwe chini ya maji ati “ajirekebishe”. Hapa hesabu inarudi tena: mtungi wa oksijeni wa lita 2 uliojazwa bar 200 una lita 400, ambazo zinaisha chini ya nusu saa. Boti bado iko njiani, na gari halijaanza safari ya kwenda mjini. Beba mitungi inayotosha muda wa safari nzima, na kabla ya msimu uliza ni wapi chemba ya shinikizo (chumba cha kutibu waliodhuriwa na kupanda haraka) inafanya kazi na nani anapokea simu. Jaribu mtandao ukiwa pale mnapozamia, si ufukweni.

Usiache zoezi likae. Mzamo wa kwanza wa kila siku uwe na zoezi moja kwenye kina kifupi, leo kinywa, kesho mkanda, kesho kutwa kuchangia hewa. Aliyekaa miezi sita bila kuzamia arudi kwenye maji ya kifuani kwanza, hata kama ana vyeti. Na ukaguzi wa mwisho kabla ya kuruka majini: pumua mara nne ukitazama sindano ya geji. Ikicheza ikishuka na kupanda kwa kila pumzi, vali ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha. Mwambie mwenzako aifungue kabla hujaachia ukingo wa boti.