Namna ya kuona barafu kavu ikiwa yabisi, kimiminika na gesi kwa wakati mmoja

Katika shinikizo la kawaida la angahewa, barafu kavu, yaani kaboni dioksaidi iliyoganda, hugeuka gesi moja kwa moja kwenye nyuzi -78.5 za Selsiasi. Kimiminika chake hakiwezi kudumu mpaka shinikizo lifike mara 5.11 ya lile la angahewa. Hapo, kwenye nyuzi -56.6, hali zote tatu hukaa pamoja.

Hatua ya 1. Vaa miwani ya kinga na glavu nene, kisha ufungue madirisha. Tumia pipeti, yaani kifaa cha kudondoshea kimiminika chenye tumbo la kuminya na shingo nyembamba, iliyo ya plastiki laini inayopitisha mwanga. Chombo cha kioo usikikaribishe kabisa, kwa kuwa kikipasuka hutoa vigae vinavyojeruhi.

Hatua ya 2. Kata ncha ya pipeti, ponda barafu kavu iwe punje ndogo kama mchele, na ujaze robo ya tumbo la pipeti.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukwama. Gonga pipeti ili punje zote zishuke tumboni, kwani hata moja ikisalia shingoni hutaweza kuziba. Kunja shingo mara moja, kabla baridi haijaikakamaza, uibane kwa koleo kwa nguvu zote, kisha uzamishe tumbo pekee ndani ya bilauri ya plastiki yenye maji ya kawaida, ambayo huzuia ukungu wa barafu usifunike plastiki na hupunguza nguvu ya mpasuko ukitokea. Usitumie maji ya moto. Ukiona viputo vikitoka shingoni huku punje zikipungua bila kulowa, gesi inavuja na shinikizo halitafika panapotakiwa: toa, gonga tena, kunja upya. Binafsi napendelea koleo lenye meno mapana kuliko kibanio chochote cha maabara, kwa sababu mkono huhisi gesi inavyosukuma na unaweza kulegeza papo hapo.

Hatua ya 4. Tazama punje zikianza kulowa na kimiminika kikijikusanya chini yake. Maadamu punje zipo, joto linaloingia kutoka majini hutumika kuziyeyusha, hivyo halijoto na shinikizo havibadiliki sana. Punje ya mwisho ikikaribia kuisha, legeza koleo bila kuchelewa, maana baada ya hapo shinikizo hupanda upesi. Kimiminika kitachemka kwa fujo, kitajipoza chenyewe na kuganda kuwa theluji nyeupe. Bana tena, nayo itayeyuka upya.