Kuiamsha mashine ya boti baada ya kusi

Kusi ikishapungua na matlai kuingia, mnamo Oktoba na Novemba, maji ya kati ya Kunduchi na kisiwa cha Mbudya, Dar es Salaam, hulala shwari, na boti iliyofunikwa turubai uani tangu masika huanza kuulizwa na watoto kila Jumamosi. Usiikimbize baharini. Mashine ya boti huumia zaidi ikikaa kuliko ikifanya kazi: petroli hugeuka gundi, mpira hukakamaa, chumvi huganda mahali jicho lisipofika. Itengee siku nzima. Hapa tunazungumzia mashine ya farasi 40 ya kuchanganya oili na petroli, iliyozoeleka pwani yetu.

Anza na petroli

Mafuta yaliyokaa zaidi ya miezi mitatu yamwage yote, usiyaongezee mapya juu yake. Fungua skrubu iliyo chini ya kabureta na kinga kwa kopo la kioo. Matone yanayotambaa chini ya kopo bila kuchanganyika ni maji. Ukiona rangi ya chai na kusikia harufu ya vanishi, jeti (vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia petroli) zimeziba: zitoe, zisafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usizichokonoe kwa waya, maana tundu likitanuka hata kidogo, mchanganyiko wa hewa na petroli unaharibika moja kwa moja.

Mchanganyiko wa kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita. Tangi la lita 25 linataka nusu lita. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Nunua oili ya boti yenye alama ya TC-W3, si ya pikipiki. Tangulia kumimina oili na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Oili ikipungua pistoni inakwaruzika. Ikizidi plagi zinalowa na mashine inatoa moshi mzito.

Pampu ya maji: usiibahatishe

Mashine nyingi zinazofia njiani zimekufa kwa joto, na chanzo ni kipande cha mpira kisichozidi kiganja: impela. Ikikaa miezi bila kuzunguka, mabawa yake hubaki yamepinda upande mmoja na kupasuka kwenye shina. Ibadilishe kila mwaka, hata kama inaonekana nzima.

Fungua boliti zinazoshika mguu wa chini, achanisha fimbo ya gia, kisha ushushe mguu taratibu. Juu yake utakuta kasha la pampu lenye boliti nne. Liinue, vuta impela, na uangalie kipini kidogo cha chuma kinachoifunga kwenye shafti. Kikidondoka mchangani kazi imesimama. Bawa likiwa limekatika, tafuta kipande chake hadi ukipate, kwa sababu kimeingia njia ya maji na kitaziba.

Impela mpya ipake maji ya sabuni. Unapokandamiza kasha chini, zungusha shafti kufuata mshale wa saa ili mabawa yalale kinyume cha upande yanakozungukia. Ukipandisha mguu, hakikisha bomba la maji limeingia tundu lake. Kosa hili ni la kawaida mno: kila kitu kimefungwa vizuri, ila maji hayapandi.

Oili ya gia

Fungua kizibo cha chini, halafu cha juu. Oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia, na mara nyingi kisa ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela na kukata sili (mpira unaozuia maji). Kwa hiyo toa propela, kata mshipi, paka shafti grisi. Jaza oili mpya kutoka chini hadi itokee juu. Ukijaza kutoka juu, hewa inabaki ndani.

Betri iliyojaa husoma volti 12.6. Zinki, kile kipande cha chuma kinachokubali kuliwa na chumvi badala ya mashine, ikiliwa nusu ibadilishe, na usiipake rangi kamwe, kwani ikipakwa haifanyi kazi yake.

Iwashe ndani ya pipa

Weka pipa la maji baridi (yasiyo na chumvi) mahali pa wazi, maji yapite juu ya bapa lililo juu ya propela. Bila maji, impela mpya huungua kwa sekunde chache. Gia iwe huru, kamba ya kuzimia iwe mkononi. Mkojo wa maji, yaani mchirizi unaoonyesha pampu inavuta, utoke mapema na kwa nguvu. Usipotoka, zima papo hapo. Ukitoka, iache ingurume dakika 10, kisha vuta kamba ya kuzimia uone kama kweli inazima.

Safari ya kwanza iwe ya karibu. Gawa mafuta mafungu matatu: kwenda, kurudi, na akiba isiyoguswa. Kagua kizibo cha maji cha tezi (nyuma ya boti) kabla boti haijaelea, pakia makasia, jaketi la kila mtu, na kamba ya nanga isiyopungua mara tano ya kina.

Mkirudi, irudishe mashine kwenye pipa kwa dakika 10, chomoa mpira wa mafuta iishiwe na kuzima yenyewe, kisha iache imesimama wima mpaka tone la mwisho litoke.